Hesabu ya Mbao: Unguja Baada ya Kimbunga cha 1872

Chombo kikinusurika na dhoruba, mwenyewe hashangilii kwanza. Husubiri maji yapwe, hushuka ufukweni, hukizunguka mara moja kimyakimya, kisha huanza kukikagua kwa mikono. Huanzia chini, kwenye mkuku, kwa sababu mkuku ukiwa umevunjika hakuna haja ya kuendelea. Kutoka hapo hupanda kwenye mataruma, moja baada ya jingine, akitafuta lililopasuka. Hupitisha kidole penye maungio ya mbao kuona kama kalafati imechomoka. Fundi humfuata na nyundo, akigonga ubao mmoja mmoja na kusikiliza. Ubao mzima hujibu kwa mlio mkavu. Ubao uliooza ndani, au ulioachana na taruma lake, hujibu kwa mlio mzito, kama mtu anayezungumza huku ameziba mdomo. Maji yaliyotuama ngamani huonjwa kwa ncha ya ulimi. Yakiwa hayana chumvi ni ya mvua, yatafuliwa yaishe. Yakiwa ya chumvi, yamepata njia ya kuingilia, na njia hiyo lazima itafutwe kabla ya jambo lolote lingine.

Kila mwenye chombo anajua kwamba dhara kubwa halionekani siku ya kwanza. Mlingoti uliovunjika huonekana na kila mpita njia. Ufa mwembamba chini ya usawa wa maji hujitokeza wiki tatu baadaye, mkiwa mbali na pwani, mzigo umejaa, na upepo hauwaruhusu kugeuka. Kwa hiyo dhoruba ina sehemu mbili: saa za upepo, na siku za hesabu. Sehemu ya kwanza ndiyo husimuliwa. Sehemu ya pili ndiyo huamua nani atabaki baharini.

Nimekuwa nikiifikiria Zanzibar ya mwaka 1872 kwa namna hiyo, kama chombo kilicholazwa ubavu ufukweni. Jumatatu ya tarehe 15 Aprili mwaka ule, kimbunga kilipiga Unguja. Kwa muda mfupi kiliharibu bandari, kikavunja sehemu ya mji na kung'oa mashamba. Vitabu vya historia hukitaja kwa aya moja au mbili, katikati ya habari za biashara ya watumwa na za mabalozi wa Uingereza, kisha huendelea na safari. Mimi nataka kubaki ufukweni kidogo. Nataka kuuliza: kesho yake, nani alikagua nini? Nani alikuwa na mbao, fedha na mafundi wa kutengeneza? Na ni ufa gani ambao haukuonekana siku ile?

*

Tuanze na bandari yenyewe, maana wengi walipotea kwa kuiamini, na walikuwa na haki ya kuiamini.

Mji Mkongwe umekaa upande wa magharibi wa kisiwa, ukitazama bara. Mbele yake kuna visiwa vidogo, Changuu, Chapwani na Bawe, na miamba inayopunguza nguvu ya mawimbi. Maisha yote ya bandari hii yalijengwa juu ya pepo mbili. Kaskazi, upepo wa kuanzia takriban Desemba hadi Machi, ulileta vyombo kutoka Arabuni, Ghuba na Bara Hindi. Kusi, unaoanza kujenga nguvu mwezi wa Aprili, uliwarudisha kwao. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini mashariki, kusi kutoka kusini mashariki. Zote mbili zina asili ya mashariki, na kwa zote mbili kisiwa kizima cha Unguja husimama nyuma ya bandari kama ukuta. Nahodha aliyetia nanga mbele ya Forodhani alikuwa amejificha nyuma ya ardhi yenye upana wa kilomita zaidi ya 30.

Kimbunga hakifuati kanuni hiyo. Huku kusini mwa Ikweta upepo wake huzunguka kama mishale ya saa, na kinapopita mahali, upepo hubadilika mwelekeo saa hadi saa. Kiini chake kikipita juu yako, kunatulia kwa muda, kisha upepo hurudi kutoka upande uliokuwa kinyume. Katika hali hiyo bandari yenye ukuta upande mmoja tu hugeuka kuwa mtego. Upepo ukigeukia magharibi, nanga zote zinaburuzwa kuelekea mji, vyombo vinagongana, vyepesi vinatupwa ufukweni na vizito vinazama pale pale kwenye kina.

Isitoshe, hakuna aliyekitarajia. Unguja iko takriban nyuzi 6 kusini mwa Ikweta, karibu na mpaka ambao vimbunga havizaliwi kwa urahisi. Vingi vinavyotokea kusini mwa Bahari ya Hindi huelekea magharibi, kisha huinama kwenda Madagaska na Msumbiji. Manahodha waliojua nyota, mikondo na miamba yote kuanzia Surat hadi Kilwa hawakuwa na sababu ya kuiwekea Zanzibar hofu ya aina hiyo. Wahenga walishasema bahari haishi zinge, lakini zinge walilolijua lilikuwa la kusi kali na la mvua za masika.

Na mwezi wenyewe ulikuwa mbaya. Katikati ya Aprili kaskazi imekwisha na kusi ndiyo kwanza inaanza. Ni wakati wa vyombo vya mbali kumaliza biashara, kupakia pembe, karafuu, gundi ya sandarusi na boriti za mikoko, na kusubiri upepo wa kuwapeleka nyumbani. Kimbunga kilikuta bandari ikiwa na wageni na mzigo wao.

*

Mwenye vyombo mkubwa kuliko wote alikuwa Sultani mwenyewe.

Barghash bin Said alikuwa ametawala kwa mwaka mmoja na nusu tu. Alikalia kiti Oktoba 1870, baada ya kaka yake Majid kufariki. Pamoja na kiti alirithi madeni, na pia alirithi meli. Meli hizo hazikuwa mapambo. Baba yao, Said bin Sultan, alijenga dola yake kwa vyombo. Katika enzi yake meli yake Sultana ilisafiri hadi New York mwaka 1840. Mwaka 1836 alikuwa na uwezo wa kumzawadia Mfalme William IV wa Uingereza manowari ya mizinga 74 iliyoundwa Bombay. Hata mauti yalimkuta baharini, mwaka 1856, akiwa njiani kutoka Maskati kurudi Unguja. Ukoo huu ulijiona, na ulionwa na majirani zake, kuwa ukoo wa watu wa bahari.

Siku ile ya Aprili, kundi lote la meli za Sultani liliangamia.

Hebu tumfuate Barghash kama tunavyomfuata mwenye jahazi yeyote anayeshuka ufukweni. Anakagua nini? Meli za namna yake, kubwa na za mtindo wa Ulaya, hazikuundwa Unguja. Ziliundwa Bombay au Ulaya, kwa miti mikubwa, vyuma na mafundi ambao kisiwa hakikuwa nao kwa kiwango hicho. Meli ya namna hiyo ikizama mbele ya mji wako, huwezi kuilaza ufukweni na kumwita fundi wa Malindi. Unaandika barua, unatafuta fedha, unasubiri miaka. Hii ndiyo tofauti ya kwanza ambayo kimbunga kiliifichua: mwenye chombo kikubwa kuliko wote ndiye alikuwa mbali kuliko wote na namna ya kukitengeneza.

*

Mwenye jahazi la kawaida alikuwa na hasara nyingine, na uwezo mwingine.

Anayesoma maandishi ya wakati ule huona jinsi hesabu inavyopungua uhakika kadiri chombo kinavyokuwa kidogo. Meli kubwa zina majina. Majahazi yanatajwa kwa wingi wao. Mashua na ngalawa za wavuvi karibu hazitajwi kabisa, ingawa kwa mwenyewe ngalawa moja ilikuwa chakula cha nyumba nzima. Hapakuwa na bima kwa watu wa aina hii. Chombo kingi kilinunuliwa au kupakiwa kwa mkopo wa wafanyabiashara wa Kihindi waliokuwa mhimili wa fedha mjini, na deni halizami pamoja na jahazi. Mwenye chombo aliweza kuamka asubuhi hana mbao hata moja, lakini jina lake bado limo katika daftari la tajiri.

Lakini pale palipobaki mbao, palikuwa na tumaini. Jahazi, dau au mtepe vilikuwa vyombo ambavyo matengenezo yake yaliishi pwani hii hii. Mtepe ulishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi badala ya kupigiliwa misumari. Uzi ukikatika, unashonwa upya. Mbao zake zilijua kupinda kidogo badala ya kupasuka, na chombo kilichotupwa mchangani kiliweza kushonwa pale pale kilipolala. Kwenye majahazi ya misumari, fundi alitoa ubao uliovunjika akaweka mwingine, akaziba maungio kwa pamba iliyolowa mafuta, akapaka sifa, yaani mafuta ya papa na samaki wengine, juu ya mbao, na deheni ya shahamu na chokaa sehemu ya chini ili minyoo ya bahari isiitoboe. Vyombo vilivyovunjika kabisa navyo havikutupwa. Taruma la chombo kilichokufa huwa taruma la chombo kinachozaliwa.

Hakuna muujiza hapo, na si vizuri kuupamba umaskini. Mwenye jahazi hakuwa na nguvu kuliko Sultani. Alichokuwa nacho ni kwamba kila kitu alichokihitaji kurudi baharini kilikuwa umbali wa kutembea: mti, kamba, mafuta, fundi, na ujuzi ambao haukuandikwa popote. Majahazi yalirudi. Miaka michache baadaye bandari ilikuwa imejaa matanga tena, na msimu wa kaskazi uliendelea kuleta vyombo vya mbali hadi katikati ya karne ya 20.

*

Kuna watu wengine ufukweni asubuhi ile, na kwao neno "mwenye chombo" lina uchungu wa pekee.

Sehemu ya mabaharia na karibu nguvu kazi yote ya bandari walikuwa watumwa. Walipakia na kupakua, walivuta vyombo mchangani, wengine walipanda milingoti. Wapo waliokodishwa na mabwana zao kwa siku, wakarudisha nyumbani sehemu kubwa ya ujira. Neno letu "kibarua" linatokana na kikaratasi cha kazi za namna hiyo. Leo tunalitumia bila kukumbuka lilikotoka. Siyo lazima nikisie sana kujua ni mabega ya nani yaliyobeba milingoti iliyovunjika, na ni mikono ya nani iliyochimba mchanga kuyakwamua majahazi. Katika hesabu ya hasara za kimbunga, mtumwa aliyekufa angeweza kuandikwa upande wa mali. Aliye hai hakuandikwa popote.

Na baadhi ya vyombo vilivyovunjika vilikuwa vyombo vilivyowaleta. Mwaka 1872 biashara ya watumwa kati ya bara na Unguja ilikuwa bado halali mbele ya sheria ya Sultani, na soko lilikuwa wazi Mkunazini. Sina namna ya kuomboleza kila ubao uliozama bandarini siku ile kwa machozi ya aina moja. Mkaguzi mwaminifu anapoonja maji ya ngamani, anapaswa kusema yana ladha gani.

*

Sasa tupande kutoka ufukweni kwenda mashambani, kwa sababu huko ndiko ulikokuwa ufa uliochelewa kuonekana.

Utajiri wa Unguja haukuelea tu, ulikuwa umepandwa pia. Tangu enzi ya Said bin Sultan, karafuu ilikuwa imeenea katika kisiwa kwa kazi ya watumwa. Kimbunga kiliangusha mikarafuu na minazi kwa wingi mno, na sehemu kubwa ya mashamba ya karafuu ya Unguja iliharibika. Jahazi lililovunjika linaweza kurudi baharini baada ya miezi. Mkarafuu mchanga huchukua miaka kadhaa kabla ya kutoa mavuno ya maana. Kwa hiyo mwenye shamba alipopanda mche mwaka 1872, alikuwa akisubiri karafuu za mwisho wa muongo.

Pemba, kilomita takriban 50 kaskazini, ilinusurika. Hapo historia iligeuka kwa utulivu, bila vita wala mkataba. Karafuu zilipoadimika bei ilipanda, na mashamba ya Pemba yakapanuka. Kisiwa kilichokuwa cha pili katika zao hili kikawa cha kwanza, na hadi leo karafuu nyingi za Zanzibar hutoka Pemba. Mpemba anayeanika karafuu kwenye mkeka mwezi wa Oktoba anafanya kazi ambayo, kwa sehemu, imeamuliwa na upepo wa siku moja zaidi ya miaka 150 iliyopita. Mashamba hayo yalipopanuka yalihitaji mikono, na mikono hiyo ilitafutwa kule kule ilikozoeleka kutafutwa. Kimbunga kiliiharibu mali ya watumwaji wa Unguja, lakini kiliongeza njaa ya watumwa Pemba.

Bara nalo liliguswa. Henry Morton Stanley, akirudi kutoka Ujiji alikomkuta Livingstone, alifika Bagamoyo mwanzoni mwa Mei 1872, wiki tatu baada ya kimbunga. Njiani, kwenye bonde karibu na Morogoro ya leo, alikuta mafuriko yamebomoa ukuta wa mji wa Simbamwene na kuvikumba vijiji. Pwani akakuta habari za meli zilizopotea. Kwa watu waliotegemea misafara, hasara ilikuwa pande zote mbili za safari: barabara imechukuliwa na mto, na bandari imechukuliwa na bahari.

*

Mwenye nyumba aliyeezuliwa paa si mtu wa kubishana na mgeni mwenye bunduki. Hali ya Barghash ilikuwa hiyo.

Januari 1873, miezi tisa baada ya kimbunga, Bartle Frere aliwasili kutoka Uingereza na dai moja: usafirishaji wa watumwa kwa njia ya bahari ukome. Barghash alikataa, na miongoni mwa hoja zake ilikuwa kwamba kisiwa kimeharibiwa na kimbunga, na wenye mashamba hawawezi kuvumilia pigo jingine juu ya lile. Hoja hiyo ilikuwa ya kweli na ya kuchukiza kwa wakati mmoja. Ni kweli kwamba nchi ilikuwa imeumia. Ni kweli pia kwamba alikuwa akiomba watu wengine waendelee kuuzwa ili jeraha la wenye mashamba lipone.

Frere aliondoka bila saini. Mwezi wa Juni serikali ya Uingereza ikatishia kuifunga Zanzibar kwa manowari, na tarehe 5 Juni 1873 Barghash akatia saini. Masoko ya watumwa yakafungwa, na kusafirisha watumwa baharini kukawa kosa. Sikukuu ya Krismasi ya mwaka huo huo, jiwe la msingi la kanisa la Kianglikana likawekwa Mkunazini palipokuwa na soko. Utumwa wenyewe ulibaki halali hadi 1897.

Siamini kwamba kimbunga ndicho kilicholeta mkataba. Mashinikizo yalianza miaka mingi kabla. Lakini jaribu kuiona bandari wakati wa kutia saini. Sultani ambaye baba yake alitoa manowari kama zawadi, sasa anatishwa na manowari za watu, na mbele ya kasri lake hakuna meli yake hata moja yenye maana. Ni vigumu kusema hapana kwa sauti kubwa ukiwa umesimama juu ya gati tupu.

Na nafasi iliyoachwa wazi baharini haikukaa wazi. Mfereji wa Suez ulikuwa umefunguliwa mwaka 1869. Mwaka ule ule wa kimbunga, kampuni ya British India ilianza kuleta meli ya moshi ya barua Zanzibar kutoka Aden. Meli ya moshi haikusubiri kaskazi wala kusi. Kuanzia mwaka 1874, manowari kuukuu ya Kiingereza, HMS London, ilitia nanga bandarini kwa miaka kama kumi, na mashua zake zikazunguka visiwani kukagua majahazi. Sasa kulikuwa na ukaguzi wa aina nyingine kabisa. Wageni walipanda chomboni, wakatazama karatasi, bendera, na nyuso za waliokaa ngamani. Chombo kilichopatikana na hatia kiliweza kuteketezwa. Baadhi ya wenye majahazi wakatafuta bendera ya Ufaransa, ambayo Waingereza hawakuwa huru kuipekua. Mwaka 1881, nahodha wa HMS London, Brownrigg, aliuawa karibu na Pemba alipokaribia jahazi lenye bendera hiyo, lililokuwa limebeba watumwa. Mwenye chombo aliyenusurika na upepo wa 1872 akajikuta anaishi katika bahari ambayo si yake tena.

*

Barghash hakukaa mikono kifuani. Aliagiza meli. Kutoka kwa kampuni ya William Denny na ndugu zake, Dumbarton, Uskochi, ikaja meli mpya mwaka 1878, iliyoitwa Glasgow kwa jina la manowari ya Kiingereza iliyofanana nayo. Iligharimu zaidi ya pauni 32,000. Ilikuwa na matanga na injini ya mvuke, na mizinga. Ilikuwa jibu la Sultani kwa kimbunga.

Lakini jibu hilo lilikuwa na ufa. Meli hiyo iliundwa ng'ambo kama zile zilizotangulia, na ilikuja katika zama ambazo meli ya mbao ya namna ile ilikuwa inapitwa na wakati. Muda mwingi ilikaa imetia nanga mbele ya kasri, ikitazamwa. Meli za moshi za biashara ambazo Barghash alizinunua zilifanya kazi zaidi. Glasgow ilikuwa ukumbusho wa bahari ambayo ukoo ulikuwa nayo kabla ya tarehe 15 Aprili.

Mwisho wake unajulikana zaidi kuliko mwanzo wake. Barghash alifariki mwaka 1888. Agosti 1896 mwanawe, Khalid, aliingia kasri na kujitangaza Sultani bila idhini ya Waingereza. Asubuhi ya tarehe 27 manowari za Uingereza zilifyatua mizinga. Glasgow ilijibu, nayo ikapigwa na kuzama kwenye maji ya bandari hiyo hiyo, katika vita vilivyomalizika kwa chini ya saa moja. Milingoti yake ilibaki imechomoza juu ya maji kwa miaka, kila msafiri aliyekuja Unguja akaiona.

Ukitazama kwa jicho la fundi, Glasgow haikuzama siku ile tu. Ilianza kuvuja mwaka 1872, pale ilipodhihirika kwamba dola iliyojengwa kwa meli haikuwa na njia yake yenyewe ya kuzitengeneza.

*

Vimbunga havikukoma kabisa. Aprili 1952, miaka 80 baadaye, kimoja kilipiga Lindi. Mwaka 2019 Kenneth alipita Komoro na kuivunja Cabo Delgado, jirani kabisa na mpaka wa Tanzania. Mwanzoni mwa Mei 2024, Hidaya alisogea hadi Mafia. Safari hii Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitangaza mapema, boti za abiria kati ya Dar es Salaam na Unguja zikasimama, na wavuvi wakaambiwa wavute vyombo vyao juu. Hicho ndicho kitu ambacho manahodha wa 1872 hawakukipata: siku mbili za kujua.

Lakini tahadhari inahusu saa za upepo. Siku za hesabu bado zinamwangukia mwenye chombo peke yake. Redio ikishatangaza kwamba hatari imepita, mvuvi anashuka na kuanza kugonga mbao, na anachokipata huko chini hakitangazwi. Wengi bado hawana bima. Injini ya kukopa ikiharibika, deni halizami nayo. Na mafundi wanaojua kusikiliza ubao wanazeeka, huku vijana wao wakitafuta kazi nyingine. Fundi wa mtepe wa kale hayupo tena. Mtepe ulitoweka katika pwani yetu mwanzoni mwa karne iliyopita, na ulipohitajika mmoja kwa ajili ya makumbusho ya Beit al-Ajaib, ilibidi uundwe upya kwa kufuata picha na maandishi.

Beit al-Ajaib yenyewe ilijengwa na Barghash mwaka 1883, ikitazama bandari iliyomeza meli zake. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya mbele ya jengo hilo ilianguka na kuua watu. Nyufa zilikuwa zimeonekana na kusemwa kwa miaka. Usipoziba ufa utajenga ukuta, tunaambiwa tangu utotoni, na tunaona kama ni methali ya watoto.

Ukipita ufukweni Malindi au Nungwi wakati wa maji kupwa, utaona chombo kimelazwa ubavu, na mtu amechuchumaa chini yake na nyundo. Atagonga, atasikiliza, atasogea hatua moja, atagonga tena. Ukimsalimia atakuitikia bila kugeuka. Hajamaliza, na maji yanajaa.